Kulipa Pesa Kuangalia Ndege



Juma lililopita, baada ya mkutano wa likilimba, mwenzetu mmoja alileta swali lililotuchekesha sote. Mdogo wake anafanya kazi ya usafi kwa wazee wawili huko Ubelgiji, mume na mke waliokwisha kustaafu. Wamemwambia asije kazini wiki mbili za mwezi wa nne, kwa sababu wanasafiri kwenda kisiwa kimoja cha Ugiriki kuangalia ndege. Mwenzetu alifikiri ni ndege za kupanda, zile za kiwanjani. Sivyo. Ni ndege wa mabawa na manyoya. Akauliza: watu wazima, wenye akili timamu, wanapanda ndege ili wakaangalie ndege? Hawawindi? Hawali? Na hiyo pesa inaliwa na nani?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotufanya tukae chini na kuandika. Wengi wetu tunauza sambaza, tunashona, tunakodisha chumba kimoja nyuma ya nyumba. Tunapenda kujua pesa inapita njia gani.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Lesvos. Ni cha tatu kwa ukubwa katika visiwa vya Ugiriki, nacho kiko mbali na mji mkuu Athens lakini karibu kabisa na Uturuki. Upande wa kaskazini, maji yanayokitenga na Uturuki hayazidi sana kilomita 10. Anayejua ukubwa wa ziwa letu la Kivu ataelewa kwamba hiyo ni safari fupi. Watu wa huko wanaishi kwa mizeituni, kondoo, jibini na samaki. Sadini za ghuba ya Kalloni zinajulikana Ugiriki nzima, na wanazisifu kama sisi tunavyosifu sambaza ya kwetu: kwamba hakuna nyingine iliyo tamu kama hiyo.

Ghuba hiyo ya Kalloni imeingia ndani ya kisiwa mpaka karibu katikati. Kando yake kuna mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaongozwa ndani ya mabwawa makubwa yenye kina kifupi, jua linayakausha polepole, na mwishoni inabaki chumvi nyeupe inayokusanywa kuwa vilima. Kabla maji hayajakauka, ndani yake mnajaa wadudu na vijidudu vya majini, na hicho ndicho chakula cha ndege. Flamingo husimama humo kwa mamia. Pamoja nao yuko ndege mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu myekundu, mwembamba kiasi kwamba unaogopa upepo utamvunja. Kuna pia mito midogo miwili mitatu, ziwa dogo lenye majani, msitu wa misonobari, na upande wa magharibi vilima vikavu vya mawe ambavyo hapo kale vilikuwa volkano. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa volkano ni kitu gani.

Sasa, kwa nini mwezi wa nne? Kwa sababu ndege hao wengi wanatoka kwetu.

Hapo mwenzetu aliacha kucheka. Mbayuwayu anayekaa kwenye waya za umeme tangu mwezi wa kumi, yule mwenye mkia kama mkasi, hazai hapa. Anakuja kukimbia baridi ya Ulaya na kula wadudu wetu, na mwezi wa tatu anaanza kurudi. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Kuna ndege wengine wadogo wa kijanikijani, wanaochezacheza katika miti ya bustani na hakuna anayewajali, ambao hawafiki hata gramu 12. Hao nao wanatoka Afrika yetu hii ya kusini ya jangwa, wanavuka Sahara, kisha wanavuka bahari ya Mediterania, wanakwenda kutaga mayai kaskazini. Wanaopita upande wa mashariki wa bahari hiyo wanaikuta Lesvos njiani. Ndege aliyeruka usiku kucha bila maji anapoona kijito na mti wenye wadudu, anashuka. Anakaa siku moja, mbili, anajaza tumbo, anaendelea.

Kwa hiyo yule mama wa Ubelgiji anapofunga safari kwenda Ugiriki, anakwenda kumsubiri msafiri aliyekula sikukuu ya Noeli huku kwetu.

Safari hizi huwa na kiongozi, na hiyo ni kazi kamili. Kundi ni dogo, watu wanaoenea katika gari moja au mawili. Wanalala hoteli moja wiki nzima, mara nyingi katika kijiji cha Skala Kallonis kilicho ukingoni mwa ghuba. Kabla ya chai ya asubuhi wanatoka kwa miguu au kwa gari mpaka kwenye mto au kwenye lile ziwa dogo, kwa sababu ndege huimba na kula wakati jua bado changa. Wanarudi, wanakula, kisha gari linawapeleka kwenye mashamba ya chumvi. Kiongozi anasimamisha darubini kubwa ya miguu mitatu, anaielekeza, na kila mtu anapanga foleni kuchungulia. Mchana wanakula mkate, jibini na nyanya chini ya mzeituni. Jioni wanakaa mezani na kuita orodha: fulani tumemwona, fulani tumemsikia tu, fulani hatuna hakika. Inasemekana watu wanaweza kubishana nusu saa juu ya kindege kimoja cha matopeni, rangi ya miguu yake ilikuwa ya kijani au ya njano. Tulipolisoma hilo tukakumbuka mabishano yetu juu ya nani aliyekosa mchango wa mwezi.

Kiongozi mzuri anajua mambo ambayo kitabu hakiwezi kukupa. Anajua sauti. Anajua ni katika msitu upi wa misonobari, karibu na mahali paitwapo Achladeri, anapoishi ndege mdogo mwenye kifua chenye doa jekundu, anayetembea juu ya shina la mti huku kichwa kikiangalia chini. Katika Ugiriki nzima ndege huyo anapatikana kisiwani Lesvos tu, na wako watu wanaosafiri kwa ajili yake peke yake. Kiongozi anajua pia kwamba upepo mbaya na mvua ya usiku, ambavyo mtalii wa kawaida anavilaani, ni habari njema, kwa kuwa ndege waliokuwa wapite juu watashuka wote kwa pamoja, wamechoka, na asubuhi kila kichaka kina mgeni. Tena anajua kuzuia. Usikanyage shayiri ya mkulima. Funga mlango wa zizi uliokuta umefungwa. Usisogelee kiota ili upate picha, mama ndege ataondoka na mayai yatapoa. Pengine kazi hiyo ya kuwazuia watu wanaokulipa ndiyo ngumu kuliko zote.

Si kila kisiwa cha bahari hiyo kinawapokea wasafiri hawa vizuri. Cyprus, kusini-mashariki ya Lesvos, kuna watu wanaotega ndege wadogo kwa nyavu na kwa vijiti vilivyopakwa ulimbo, ule ule ambao watoto wetu wanaujua, kisha wanawapika wazimawazima na kuwauza kwa bei kubwa kwa siri. Sheria ilikataza tangu mwaka 1974, lakini mwenye kutaka faida haachi kwa sababu ya karatasi. Malta nako wanapenda bunduki. Mwaka 2015 wananchi walipiga kura kama uwindaji wa mwezi wa nne uendelee au uzimwe. Walioutaka uendelee walishinda kwa asilimia 50.4. Kura elfu mbili na kitu tu ziliamua kwamba njiwa mwitu na kware waliotoka Afrika wapigwe risasi kabla ya kufika kwenye viota vyao. Tusijifanye watakatifu: mtu aliyezaliwa katika desturi fulani haoni dhambi ndani yake. Lakini tofauti ni kwamba ndege aliyeliwa analiwa mara moja. Yule wa Lesvos anaangaliwa na watu arobaini siku moja, na kila mmoja wao usiku huo analala kitanda cha mtu na kula chakula cha mtu.

Turudi basi kwenye pesa. Safari ya namna hiyo inagharimu kwa mtu mmoja zaidi ya dola elfu moja kwa wiki. Ukweli usemwe: sehemu kubwa haifiki kisiwani. Kampuni inayoandaa mara nyingi iko Uingereza, Uholanzi au nchi nyingine ya kaskazini. Wenye ndege ya kupanda wanachukua chao. Kinachobaki kinakwenda kwa mwenye hoteli, mwenye magari, mwenye mgahawa, mwoka mikate. Wageni hawa wana jambo moja ambalo wenyeji wanalipenda. Wanakuja mwezi wa nne na wa tano, wakati maji ya bahari bado ni baridi na watu wa kuogelea hawajafika. Bila wao, vyumba vingi vingefunguliwa mwezi wa sita tu. Wiki nne tano za nyongeza kwa mwenye vyumba vitano ni karo za shule. Sisi tunaoishi kwa kuhesabu majuma tunaelewa.

Na hapa kuna habari ambayo tungependa isomwe polepole. Kaskazini ya kisiwa hicho kuna kijiji kiitwacho Petra. Mwaka 1983 wanawake wa Petra waliunda ushirika wao, wa kwanza wa wanawake katika Ugiriki. Walikuwa wake za wakulima na wavuvi, kazi yao ikiwa zeituni, mbuzi, watoto na jiko, na pesa yote ikipita mkononi mwa mume. Walifanya nini? Walichukua kile walichokuwa nacho tayari. Chumba kilichobaki tupu baada ya binti kuolewa walikipaka chokaa, wakaweka kitanda, shuka safi na maji, wakakikodisha kwa wageni, na ushirika ukawa unagawa wageni ili asipate mmoja tu. Wakafungua pamoja mgahawa, wakapika yale waliyokuwa wakipika nyumbani. Majani ya mzabibu yaliyofungwa mchele ndani hayana tofauti kubwa na ufundi wetu wa kufunga chakula katika majani ya ndizi. Hawakungoja mfadhili awajengee hoteli.

Barabara inayotoka Petra kwenda mji wa Molyvos inapita juu ya mwamba mmoja ambapo, mwezi wa nne, utakuta safu ya wazungu wamesimama kimya na darubini. Wanatafuta ndege mwenye koo jeusi na mstari mweupe kama sharubu, anayezaa hapo kwenye vichaka vya mawe. Ni karibu sana na vyumba vya wanawake hao. Msafiri wa ndege hahitaji bwawa la kuogelea wala muziki. Anataka chai mapema, chumba kisicho na kelele, na mtu atakayemfungia mkate wa mchana. Ni mgeni ambaye mama wa kijiji anamweza.

Lakini kisiwa hicho kimepata pia pigo ambalo sisi tunalijua kwa jina. Mwaka 2015 watu zaidi ya nusu milioni walivuka yale maji membamba kutoka Uturuki kwa mitumbwi ya mpira, wakikimbia vita, wakafika Lesvos. Walifika kwenye fukwe zile zile za kaskazini ambapo watu huangalia ndege. Katika kijiji cha wavuvi cha Skala Sykamnias, bibi watatu walipigwa picha wamekaa kwenye benchi, mmoja akimnywesha kwa chupa mtoto mchanga wa mama aliyetoka majini. Aliyemshika mtoto ni Emilia Kamvysi, na mwaka uliofuata alipendekezwa kwa tuzo ya amani ya Nobel. Wazee wengi wa kisiwa hicho ni watoto wa wakimbizi waliovuka maji hayo hayo mwaka 1922, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa.

Mwaka 2016 watalii wakaogopa. Kampuni zikafuta safari za ndege, na vyumba vya Molyvos na Petra vikakaa vitupu katikati ya majira ya joto. Hakuna nyumba iliyoungua, hakuna shuka lililochafuka, sadini ziko pale pale. Picha za televisheni tu ndizo zilitosha. Flamingo walikuja kama kawaida, na vindege vidogo vilishuka mtoni kama kawaida, pasipo wa kuwaangalia wengi. Baadhi ya wapenda ndege walikuja hata hivyo. Tunawaheshimu kwa hilo, maana mgeni anayerudi mwaka wa shida anafaa kuliko kumi wa mwaka wa raha.

Kambi ya Moria ilijengwa kwa watu wasiofika elfu tatu. Ilipoungua mwezi wa tisa mwaka 2020, walikuwa zaidi ya elfu kumi na mbili. Wengi walikuwa Waafghani na Wasuria, lakini Wakongomani pia walikuwamo, na kati yao wamama wenye watoto. Wako wasomaji wetu ambao kwao jina Lesvos si la kisiwa cha ndege. Ni jina la mahali simu ilipoacha kuita kwa miezi. Hatutaki kuandika juu ya darubini na mikate chini ya mzeituni kana kwamba hatujui hilo. Mbayuwayu na binti yetu walielekea kaskazini, wakafika kwenye kisiwa kimoja. Mmoja alisubiriwa na watu waliolipa ili wamwone. Mwingine aliwekwa nyuma ya waya. Hatuna la kuongeza juu ya hilo isipokuwa kwamba wale bibi watatu hawakuuliza.

Mwenzetu aliuliza tena: na sisi je, wageni kama hao hawawezi kuja hapa? Walikuwa wakija. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na milima yetu ya Kivu ina ndege wasiopatikana mahali pengine popote isipokuwa katika safu hii ya milima kati yetu, Rwanda, Burundi na Uganda. Katika misitu ya chini kuna tausi wa Kongo, ambaye haishi nchi nyingine yoyote duniani. Wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1936, na hata hivyo James Chapin alimtambua kwanza kwa ndege wawili wakavu waliokuwa wamesahauliwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kabla ya kuja kumtafuta msituni. Wanakijiji wa msituni walikuwa wakimjua siku zote, bila shaka. Kwa sasa, hali mnaijua. Hatuwezi kumwambia mtu aje alale katika chumba ambacho sisi wenyewe hatuna hakika ya kukilalia kesho. Lakini vita havijawahi kuzuia mtu kujua kilicho juu ya paa lake.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja dogo kwa wenye watoto wa kiume wa miaka saba mpaka kumi na mbili. Manati. Wiki hizi mbayuwayu wanakusanyika kwenye waya kwa mamia, wamenenepa kwa ajili ya safari, na kwa mtoto ni shabaha rahisi mno. Nyama yake haijazi kijiko. Mbu na inzi anaowala kila siku ni wengi kuliko unavyoweza kuhesabu. Mama mmoja wa kwetu amepata njia: alimpa mwanawe daftari na kalamu, akamwambia aandike kila jioni kabla ya kula ni wangapi wamebaki kwenye waya mbele ya nyumba. Siku ya kwanza aliandika 112. Siku ya posho iliyopita walikuwa 60. Mtoto sasa anagombeza wenzake wakirusha mawe, kwa kuwa wanamharibia hesabu.

Mdogo wa mwenzetu ameahidi kuwauliza wazee wake wa Ubelgiji, wakirudi, wamewaona mbayuwayu wangapi, na siku gani. Tukipata jibu tutalichapisha karibu na hesabu ya mtoto. Juma lijalo tutajibu swali la mama aliyeuliza kwa nini sabuni yake ya mawese haigandi.